Nilimficha Mke Wangu Msiba wa Mama Yake Ili Taa Ziruke

Msiniulize jina. Nikilitaja, Tabora nzima itanijua, na wale wa Igalula, kwa wakwe zangu, wananijua tayari. Nimekosa. Sisemi nilipitiwa, sisemi shetani alinidanganya, maana siku ile shetani hakuwa na kazi yoyote. Kazi yote niliifanya mimi mwenyewe kwa mdomo wangu huu.

Nilipokea habari ya kifo cha mama mkwe wangu asubuhi, nikaificha. Mke wangu alikuwa mbele yangu, amepiga magoti, anahangaika na kazi yetu. Nilimwangalia usoni, akanichekea kidogo kama kawaida yake, nikanyamaza!

Na hilo, ndugu zangu, ndilo kosa dogo. Kubwa linakuja.

Mimi na mke wangu, hapa nitamwita Mama Nasra, tunafanya kazi ya sherehe. Tulianza na spika na maturubai, harusi za mjini, mahafali, uzinduzi wa maduka. Baadaye nikanunua droni moja ya kupigia picha kutoka juu, hizi ambazo wakubwa wanaziita ndege nyuki. Niliinunua mimi kwa mbwembwe nyingi, lakini aliyeweza kuirusha ni yeye. Mimi mara ya kwanza kuishika niliibamiza kwenye tangi la maji la jirani. Yeye aliichukua, akasomasoma kwenye simu, baada ya muda mfupi watu wakawa wanamwita yeye, mimi nabeba begi.

Akaenda Dar es Salaam kujifunza droni za taa. Kwa ambaye hajaona: ni droni ndogondogo nyingi, kila moja ina taa yake. Unazipanga chini kwa mistari, halafu kompyuta inaiambia kila moja iende wapi. Zikiwa juu gizani huzioni zenyewe, unaona picha. Unaona twiga anatembea angani, unaona jina la mtu, unaona ua linafunguka. Watu wazima wanapiga kelele kama watoto.

Mke wangu aliporudi alisema, "Baba Nasra, siku moja tutafanya hiki kitu hapa hapa Tabora." Nikamwambia tutafanya. Tangu hapo sikulala vizuri, nilikuwa najiona tu nimesimama pembeni ya wakubwa nawaelezea.

Ndipo akaja mteja wetu. Nitamwita Bwana Nazir. Ni mfanyabiashara wa mjini, Mhindi wa hapa hapa, babu yake alizikwa Tabora na baba yake alizikwa Tabora. Familia yao inanunua asali ya warina asali wa porini tangu zamani. Sasa alikuwa ametengeneza asali ya kifahari. Asali yenyewe ni hii hii yetu ya misitu ya miombo, lakini imetiwa kwenye chupa nzito ya kioo, kifuniko cha rangi ya dhahabu, chupa imelazwa ndani ya kisanduku cha mbao ya mninga kilichopigwa msasa mpaka unajiona sura. Ya kuuzwa kwenye mahoteli makubwa na viwanja vya ndege. Sisi tuliokua tunalamba asali iliyotiwa kwenye chupa kuukuu ya maji, tuliguna tu.

"Sitaki kukata utepe," Bwana Nazir alituambia. "Utepe kila mtu anakata. Nataka watu watazame juu. Nyuki wametengeneza asali, ndege nyuki waizindue. Umeona eh?" Akacheka mwenyewe, sisi tukacheka naye.

Mama Nasra ndiye aliyebuni picha. Alisema tuonyeshe msafara. Wapagazi wa Kinyamwezi wa njia ile ya zamani, wanatoka Ujiji, wanapita Tabora, wanashuka pwani. Watembee angani na mizigo yao, mmoja autue mzigo, mzigo ugeuke mzinga, mzinga utoe nyuki, nyuki wakusanyike wawe chupa ya Bwana Nazir. Nilipoiona kwenye kompyuta mara ya kwanza mwili ulinisisimka.

Alikuwa akimpigia mama yake Igalula kila jioni kumuuliza mambo ya wapagazi, maana babu wa yule mama alikuwa mmoja wao. "Mama, walibeba kichwani au begani?" Mama anamwambia begani, mizigo mizito ilikuwa begani, kichwani ni ya wanawake. Basi anakaa anabadilisha mchoro wote. Mama mkwe alikuwa na presha, asingeweza kuja. Alisema, "Mtanionyesha kwenye simu, mwanangu." Mimi nilikuwa nasikia hayo mazungumzo. Nilikuwepo, jamani, sikuhadithiwa!

Droni tulizikodi Dar es Salaam, zikaja kwa lori na mafundi wawili. Kibali cha kurusha kilikuwa cha jioni ile moja tu, na kesho yake droni zilitakiwa kurudi. Mimi nilikuwa nimeshatangaza kwa kila mtu. Wenzangu wa kazi hii ya sherehe, wale walionicheka siku nilipobamiza tangi, niliwapelekea kadi kwa mkono wangu. Nilitaka waje, wakae, watazame juu, halafu wanitazame mimi.

Siku ikafika. Utaratibu wetu siku ya kazi, simu za wote wanaoshughulika na droni zinazimwa na kuwekwa kwenye boksi, mawimbi yasije yakavuruga na akili zisihame. Boksi natunza mimi. Simu iliyobaki wazi ni yangu peke yake, kwa ajili ya mteja.

Asubuhi, tupo kwenye uwanja wa hoteli tunapanga, simu ikalia. Mjomba Maganga. Huyu ni kaka wa mama mkwe, ndiye mkubwa wa upande wao, ndiye aliyeniozesha. Nikasogea kwenye kivuli cha lori.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mkwe. Uko peke yako?"

Alivyoniuliza hivyo, nilijua. Kwetu simu ya kifo haipigwi moja kwa moja kwa mfiwa. Inapigwa kwa mtu wake wa karibu, yeye ndiye anayejua amwambieje. Anamwambia mama anaumwa, anamshika mkono, anampandisha gari, mpaka wafike nyumbani kwenye mikono ya watu wake. Unapopigiwa simu ile umepewa amana.

"Niko peke yangu, mjomba."

"Dada yangu katutoka. Kaswali alfajiri, kajilaza, ndiyo basi." Nyuma yake nilisikia wanawake wakilia. "Sasa nisikilize, baba. Usimwambie huko. Mwambie mama anaumwa, mje. Yeye ndiye mtoto wake wa pekee, ndiye wa kumwosha mama yake. Nimewaambia wanawake wasubiri mpaka afike. Tunazika baada ya adhuhuri."

"Tunakuja sasa hivi, mjomba."

Na wakati nasema hivyo nilikuwa nakwenda kweli! Naapa. Nilitoka pale kwenye lori nikawa natembea kuelekea kwa mke wangu, nimeshapanga maneno mdomoni. Alikuwa katikati ya mistari ya droni, anabadilisha betri. Akainua uso.

"Nani huyo?"

Nilitazama zile droni. Nilitazama jukwaa, viti vimevikwa vitambaa vyeupe. Nikafikiria kibali. Nikafikiria wale wenzangu na kadi zao.

"Mjomba," nikasema. "Anasalimia."

"Mwambie kesho tunakuja. Nampelekea mama video."

Akarudi kwenye betri zake. Mimi nikabaki nimesimama. Neno moja tu lilikuwa limenitoka, na lilikuwa jepesi.

Nilijidanganya kwamba nitamwambia baada ya nusu saa. Halafu baada ya majaribio. Mchoro ulikuwa umekwisha tangu jana yake, mafundi wale wangeweza kubonyeza wenyewe, nilijua. Lakini niliogopa kitu kikikwama atakosekana wa kukinasua. Nilikuwa nahesabu hasara ya kila kitu isipokuwa ya yeye.

Mjomba akapiga tena karibu na adhuhuri. "Mmefika wapi?"

"Gari imetuharibikia, mjomba. Tunatafuta nyingine."

"Haya. Tutasogeza mpaka alasiri. Atakayemzuia mtoto asimwone mama yake hayupo."

Hayo maneno yalinipiga, lakini sikuamka. Nilikwenda kumpokea Bwana Nazir, nikamtembeza uwanjani, nikawa namwelezea jinsi droni zinavyojua kurudi chini zenyewe. Yeye anatikisa kichwa, mimi nanyoosha mikono kama mhandisi.

Simu ya tatu ndiyo iliyoniua. Mjomba alikuwa ameshapata msaada. "Jirani yangu yupo hapo mjini na gari, anarudi huku. Niambie mlipo sasa hivi, awachukue."

Nilibanwa, ndugu zangu. Gari imepatikana! Yule jirani angekuja pale uwanjani, angemkuta mke wangu ana bisibisi mkononi, angempa pole. Kila kitu kingeanguka mbele ya watu. Ndipo mdomo wangu ukasema jambo ambalo hata leo nikilikumbuka natamani kujipiga.

"Mjomba, kusema kweli nimeshamwambia. Amesema hawezi kuacha kazi. Amesema nyinyi zikeni tu, atakuja kesho."

Nikamsikia akisogea mbali na wanawake.

"Amesema hivyo mwenyewe?"

"Mwenyewe, mjomba."

"Ameacha kuja kumwosha mama yake? Kwa kazi gani?"

"Ya taa, mjomba. Kazi imemchanganya, msimhukumu."

Mnauona unafiki huo? Nimemchoma kisu, halafu namwombea asamehewe!

"Haya, baba," mjomba akasema. "Tumesikia." Akakata. Hakupiga tena.

Baada ya isha wageni walijaa. Mkuu fulani alikuja, wake wa wafanyabiashara walikuja na sari zao, wenzangu wenye kadi walikuja. Taa za uwanja zikazimwa. Mke wangu akabonyeza.

Niwaambie ukweli hata kama unaniuma: ilikuwa nzuri. Wapagazi walitokea upande wa magharibi, mmoja mmoja, mizigo begani, wakatembea juu ya paa la hoteli kuelekea mashariki. Mzee mmoja nyuma yangu alisikika akisema kwa Kinyamwezi kwamba wale ni babu zake. Mzigo ukatuliwa, mzinga, nyuki wakatawanyika, wakakusanyika, chupa ikasimama angani inang'aa rangi ya asali. Makofi hayakuisha.

Bwana Nazir akamwita Mama Nasra jukwaani, akampa chupa ya kwanza kwenye kisanduku chake. Mke wangu akainyanyua juu, akacheka mpaka meno yote yakaonekana, akazunguka mara moja kwa furaha, gauni likachezacheza. Simu zilikuwa zimenyanyuliwa kila upande. Kabla hatujakunja nyaya, ile video ilikuwa imeshafika Igalula.

Usiku ule nilimwacha alale. Simu yake nilisema ipo kwenye chaji. Alilala haraka, amechoka, ana raha. Alfajiri nikamwamsha nikamwambia mama anaumwa sana, twende. Sasa ndiyo nilikumbuka utaratibu wa kumwambia mtu taratibu!

Njia nzima anaomba dua kwa sauti ndogo. Karibu na Igalula nikamwambia kwamba walinitafuta jana mchana hawakunipata, mtandao ulisumbua, na kwamba akifika asiwaulize chochote maana watazidi kuumia. Alikuwa hasikii hata nusu ya maneno yangu. Alipoliona turubai, akamlilia mama yake kwa Kinyamwezi, "Mayu! Mayu!" na akafungua mlango gari ikiwa bado haijasimama.

Mnajua mfiwa akifika inavyokuwa. Wanawake wananyanyuka, wanampokea, kilio kinaanza upya, anashikwa huku na huku asianguke. Mke wangu alikimbia mpaka kwenye jamvi. Hakuna aliyenyanyuka. Alianguka mwenyewe, akajikusanya mwenyewe. Nilikuwa nimeshika mlango wa gari, nikaona.

Mama yake mdogo, mdogo wa marehemu, akamwambia taratibu, "Karibu. Umemaliza kazi?"

Yeye masikini, asiyejua lolote, akajibu kwa heshima, "Nimemaliza, mama."

Wanawake wakatazamana. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilikwenda nikakaa na wanaume, nikapewa kahawa, nikainywa.

Siku zote za tanga alikaa pembeni. Akishika ndoo, anapokonywa kwa upole. Akianza kusema, mazungumzo yanakwisha. Alidhani ni huzuni. Alidhani wanamlaumu kwa kuishi mbali. Mjomba Maganga akipita mbele yake anasalimiwa shikamoo, anaitikia marahaba akitazama pengine.

Bwana Nazir alikuja kutoa pole siku ya hitima. Alivua viatu, akakaa chini na watu, akala wali wa msiba kwa mkono kama sisi. Wakati wa kuondoka akaniita pembeni.

"Mama alifariki lini?"

"Siku ile ile, bwana."

"Asubuhi au jioni?"

Nikasema sisi tulipata habari baadaye.

Akanishika bega. "Siku nyingine jambo kama hili likitokea, niambie. Mimi nina mama. Ningewapa wageni chakula, wangekwenda zao. Asali haiozi, kijana wangu."

Akaingia kwenye gari lake akaondoka. Nilisimama pale barabarani mpaka vumbi likatulia. Yule mtu niliyemwogopa kuliko Mungu siku ile, kumbe angenipa ruhusa kwa neno moja!

Tulirudi mjini. Mama Nasra hakugusa tena kompyuta. Watu walipiga simu kutoka Shinyanga, kutoka Mwanza, wanataka taa za angani, niliwajibu mimi. Jina langu lilikua, kweli, kama nilivyotaka. Nyumbani, mke wangu anakaa kitandani ameshika simu, anampigia binamu yake, binamu hapokei. Anampigia mama mdogo, anaambiwa yuko shamba. "Baba Nasra," alikuwa ananiuliza, "mimi nimewakosea nini watu wa kwetu?" Namwambia watatulia, wape muda. Kila aliponiuliza nilikuwa na nafasi ya kusema. Kila mara niliimeza.

Ikafika arobaini. Tulikwenda na mchele na mafuta na mbuzi. Mke wangu alikwenda jikoni uani kushika mwiko, akaambiwa, "Wewe kaa, mgeni hapiki." Mgeni! Nyumbani kwao, kwenye arobaini ya mama yake! Baada ya dua wanawake wakagawana kanga za marehemu, kama ilivyo desturi, kila binti wa ukoo na kila mpwa na ya kwake. Zikazunguka, zikaisha. Yeye hakupewa hata moja.

Sisi wanaume tulikuwa chini ya turubai, ukuta wa matete tu umetutenganisha. Nikasikia sauti ya mke wangu imepanda.

"Mama mdogo, hata moja? Nimefanya nini? Niambieni leo, mimi siwezi tena!"

"Hujui ulichofanya?" mama mdogo akajibu. "Hukusema tuzike tu, utakuja kesho?"

"Nani alisema?"

"Wewe. Mjomba wako aliambiwa."

"Aliambiwa na nani?"

Wanaume wote waliokuwa chini ya turubai walinigeukia. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, sikujua nikiweke wapi.

Mke wangu akatoka. Alikuja mpaka katikati ya wanaume, jambo ambalo mwanamke wa kule halifanyi, kanga imemteremka mabegani, hajali.

"Baba Nasra. Nilisema hivyo?"

Nikawaza kusema mjomba hakunisikia vizuri. Mpaka pale, ndugu zangu, bado nilikuwa natafuta uongo mwingine! Nikamtazama mjomba Maganga, mzee wa watu, mdomo umeachama, nikashindwa.

"Hukusema."

"Walikupigia saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa mbele yangu."

Hakupiga kelele. Ningependa angenipiga, angenitukana, wanaume wangeamulia, yangekuwa ya kawaida. Alisimama tu. Aliyeanza kulia ni mjomba. Alilia kama mtoto, akasema, "Mimi nilisimama kaburini kwa dada yangu nikasema mbele ya watu kwamba hana mtoto. Nililitamka. Sasa nitalirudishaje?" Akaniambia mimi, "Wewe baba, tulikupa binti, ukatupa maneno ya kumlaani nayo."

Nikakiweka kile kikombe chini, kwenye vumbi.

Mke wangu alimgeukia mama mdogo, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa uani. "Nani alimwosha?"

"Mimi na majirani," mama mdogo akasema. "Maji tuliyapasha yakapoa. Tukayapasha tena, yakapoa. Tulikuwa tunakusubiri, mwanangu. Mpaka mwisho mimi nilikuwa natazama njiani."

Hapo ndipo alipokaa chini, palepale kwenye vumbi, kati ya viatu vya wanaume. Na hapo wanawake wakatoka wote kwa pamoja, wakamzunguka, wakamshika, wakalia. Kilio chote walichomnyima siku ile aliyofika, walimpa siku ile. Mama mdogo alivua kanga yake mwenyewe, moja ya zile za marehemu, akamfunika. Ilikuwa kama mtu amekufa muda ule ule.

Mimi hakuna aliyenifukuza. Niliondoka nikaendesha peke yangu.

Sasa anaishi Igalula, kwenye nyumba ya mama yake, na binti yetu Nasra anasoma shule ya huko. Biashara nimeiuza. Nilijaribu kumtuma mshenga, nilimtuma sheikh, nilimtuma mpaka Bwana Nazir, ambaye siku nilipomweleza ukweli alifunga droo ya meza yake polepole na kuniomba nimpishe. Alikwenda Igalula kwa ajili ya mke wangu, si kwa ajili yangu, na hakuniletea jibu lolote.

Huwa nakwenda mwenyewe. Nafika, nabisha hodi. Mama Nasra anatoka, ananisalimia vizuri, habari za Tabora, habari za njia. Ananiwekea kiti nje. Ananiletea maji ya kunywa kwenye bilauri juu ya kisahani, mikono miwili, anasema karibu, na anarudi ndani kuendelea na shughuli zake. Anavyonipokea ndivyo anavyompokea mgeni yeyote mwenye kiu. Nakunywa, naweka bilauri chini, naondoka.

Wewe unayesoma haya, iwe unarusha taa, unauza asali, una mteja mkubwa ambaye umemsubiri maisha yako yote: ukipigiwa simu ya msiba wa mwenzako, ile habari si mali yako. Usiihifadhi hata dakika moja kwa sababu zako. Mshike mkono, mpeleke kwao. Wageni watakwenda nyumbani. Taa zitazimika hata zikiruka, zangu zilizimika nusu saa baada ya kuwaka, na hakuna hata mtu mmoja katika wale waliopiga makofi aliyenitafuta tangu siku ile kuniuliza naendeleaje.

Yeye peke yake huniuliza, akiniletea yale maji. Namwambia naendelea vizuri, na yeye anasema tunamshukuru Mungu, na anafunga mlango.